Jeni iliyobebwa na kirusi ilikuwa ya kuku mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nirekebishe sentensi moja iliyotokea katika makala ya afya ya gazeti lako wiki chache zilizopita. Makala hiyo, ambayo kwa jumla iliandikwa kwa nia njema, ilisema kwamba virusi huingia mwilini vikiwa vimebeba jeni za saratani na kuzipandikiza katika seli za binadamu. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari za Mkoa wa Dodoma kwa miaka 28 kabla ya kustaafu, na sentensi hiyo naifahamu vizuri, kwa kuwa nimeikuta mara nyingi katika majibu ya mitihani, na nina hakika baadhi ya wanafunzi hao waliipata kwangu, katika miaka ile ambayo tuliipita sura hiyo mbiombio ili tumalize muhtasari. Ina ukweli ndani yake, lakini ukweli uliopinduliwa. Jeni iliyobebwa na kirusi cha kwanza cha saratani kuchunguzwa kwa kina haikuwa mali ya kirusi hata kidogo. Ilikuwa jeni ya kawaida ya mnyama aliyeambukizwa, jeni yenye kazi njema mwilini, ambayo kirusi kiliichukua kwa mwenyeji wake na kuiharibu.

Nisingeandika barua kwa ajili ya kosa la darasani. Naandika kwa sababu ya mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyerejea kutoka Dar es Salaam alikotibiwa saratani ya shingo ya kizazi, akakuta kikombe chake na sahani yake vimetengwa juu ya kabati. Aliyeniletea nakala ya gazeti lako ni binti yake mkubwa. Alinisalimu, akakaa, akanionyesha mstari ule kwa kidole, kisha akaniuliza: "Mwalimu, wajukuu waliokuwa wakilala kitanda kimoja na bibi yao, nao wamekwisha kupandikizwa?" Nilimjibu kwamba hapana, na nikamweleza kadiri nilivyoweza, lakini jibu la mdomoni haliwezi kushindana na lililochapwa, ndiyo maana naomba lichapwe na hili.

Habari yenyewe inaanza na kuku. Mwaka 1909 mfugaji mmoja wa Marekani alimpeleka kuku wake wa aina ya Plymouth Rock, mwenye uvimbe kifuani, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, kwa mtafiti kijana aliyeitwa Peyton Rous. Rous aliusaga uvimbe ule, akauchuja maji yake kwa kichujio chembamba kisichopitisha seli wala bakteria, akawadunga kuku wengine wa ukoo mmoja na yule, nao wakaota uvimbe wa namna ile ile. Matokeo ya uchujaji huo aliyachapisha mwaka 1911. Watafiti wawili wa Denmark, Ellermann na Bang, walikuwa wameonyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa saratani ya damu ya kuku mwaka 1908, lakini wakubwa wa tiba wa wakati ule hawakuona kwamba kuku anaweza kumfundisha mtu lolote kuhusu saratani ya binadamu. Rous alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baada ya kuchapisha, akiwa mzee wa miaka 87. Na jambo linalonigusa zaidi ni kwamba katika hotuba yake ya kupokea tuzo hiyo aliikataa waziwazi rai kwamba saratani inatokana na mabadiliko ya jeni za seli za mwili. Miaka 10 tu baadaye, kirusi chake mwenyewe ndicho kilichokuja kutoa ushahidi dhidi yake.

Mimi ni mfugaji mdogo wa kuku wa kienyeji, mbegu niliyoitoa Singida, na huenda ndiyo sababu habari hii hainichoshi. Mfugaji yeyote wa huku aliyewahi kupigwa na mahepe, ugonjwa wa kuku unaopoozesha miguu, amemwona kuku amelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na akimpasua huweza kukuta vinundu kwenye ini na mishipa ya fahamu iliyovimba. Huo nao ni uvimbe uletwao na kirusi, ingawa ni kirusi cha jamii tofauti kabisa na cha Rous. Wala nyama ya kuku isiogopwe kwa habari hii, maana hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kutokana na kirusi cha Rous wala na kile cha mahepe.

Kirusi cha Rous ni kidogo mno. Kina jeni nne tu. Tatu kati yake zinakitosha kabisa kuzaliana: moja ya kujengea kiini chake, moja ya kutengenezea kimeng'enya chake, na moja ya gamba la nje. Ya nne, ambayo watafiti waliiita src kutokana na neno sarkoma, yaani saratani ya misuli, mifupa na tishu za namna hiyo, haikisaidii kuzaliana. Kufikia mwaka 1970 vilikuwa vimepatikana virusi vya ukoo huo vilivyopoteza jeni ya nne, navyo viliendelea kuzaliana katika seli za kuku kama kawaida ila havikuzigeuza kuwa za saratani. Mwaka huo huo mtafiti Steve Martin, aliyekuwa akifanya kazi California, alieleza kirusi kilichobadilika kiasi kwamba seli zilizoambukizwa zilikuwa za saratani katika joto la chini, na zilipopashwa joto zaidi zikarudi kuwa na sura ya kawaida, huku kirusi kikiendelea kuzaliana humo humo. Basi kazi yote ya kuleta uvimbe ilikuwa ya jeni moja, nayo ni mzigo usiomfaa mwenye kuubeba. Hapo lilizuka swali ambalo kwangu ndilo moyo wa habari yote: mzigo huu kirusi kiliupata wapi?

Kulijibu swali hilo kulihitaji ugunduzi mwingine wa mwaka 1970. Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba virusi vya aina hii, ambavyo jeni zake zimeandikwa kwa RNA, ndugu wa DNA ambayo ndiyo inayoandika jeni zetu, vina kimeng'enya kinachonakili RNA hiyo kuwa DNA, na nakala hiyo huingia ndani ya kromosomu za seli na kukaa humo kana kwamba imezaliwa humo. Waliopata kusikia jinsi kirusi cha Ukimwi kinavyojificha mwilini wanaijua njia hii, maana ni ile ile. Sasa ikiwa kirusi kinaweza kuingiza jeni zake katika kromosomu za mwenyeji, basi kinaweza pia, kikitoka, kuondoka na kipande cha kromosomu hizo kilichokuwa jirani yake.

Mjini San Francisco, Michael Bishop na Harold Varmus, pamoja na Dominique Stehelin aliyetoka Ufaransa na Peter Vogt aliyewapatia virusi, waliamua kuitafuta asili ya src. Walinakili RNA ya kirusi kamili kuwa vipande vya DNA vyenye mnururisho, ili viweze kufuatiliwa popote vitakapokwenda. Kisha wakavikutanisha vipande hivyo na RNA ya kirusi kile kilichopoteza jeni ya nne. Kila kipande kilichokuwa cha jeni tatu za kwanza kilipata mwenzake na kushikamana naye, kikaondolewa, na vilivyobaki bila mwenza vilikuwa vya src peke yake, kama pumba zinavyopeperuka na punje zikabaki kwenye ungo. Kazi hiyo ya kupepeta ilikuwa ya mikono ya Stehelin zaidi kuliko ya mwingine yeyote, na Bishop na Varmus walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989 alilalamika hadharani kwa kuachwa. Mimi si hakimu wa tuzo, ila naona ni haki jina lake litajwe kila habari hii inaposimuliwa.

Sisi tuliokulia Ugogo tunajua jinsi shauri la ndama linavyoamuliwa. Ndama akionekana katika zizi la mtu na mwingine akadai ni wake, wazee hawakai wakabishana juu ya rangi ya ngozi yake. Husubiri jioni ng'ombe wanaporudi malishoni, ndama akaachiwa, na akikimbilia chuchu za ng'ombe fulani, naye ng'ombe yule akasimama akamlamba, shauri limekwisha. Ndivyo walivyofanya watafiti wale. Vile vipande vya src walivichanganya na DNA ya kuku wazima ambao hawakuwa na saratani, wakaangalia kama vitapata mama. Vikapata. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1976, na katika kurasa zile chache ilionekana kwamba jeni inayofanana na src imo katika DNA ya kuku mzima, na ya kware, na ya bata mzinga, na ya bata, na hata ya emu, yule ndege mkubwa wa Australia aliye na undugu wa mbali sana na kuku.

Naomba msomaji asiupite haraka mpangilio wa ndege hao. Vipande vya src vilishikamana na DNA ya kuku kwa nguvu zaidi, na kadiri ndege alivyokuwa mbali na kuku kwa ukoo, ndivyo mshikamano ulivyolegea. Kama jeni hiyo ingekuwa ugonjwa ulioletwa juzi na kirusi kinachopita, isingefuata nasaba kwa utaratibu huo. Urithi ndio unaofuata nasaba. Baadaye kikundi hicho hicho kiliikuta katika wanyama wanyonyeshao, binadamu akiwamo, na katika miaka ya 1980 jeni za jamaa hiyo zikaonekana hata katika inzi wa matunda. Kitu kilichotunzwa na viumbe kwa muda mrefu namna hiyo, kupitia mababu wasiohesabika, hakitunzwi kwa sababu ya kuleta uvimbe.

Ushahidi mwingine ulikuja jeni yenyewe iliposomwa herufi kwa herufi, na huu, Mhariri, wewe utauelewa kuliko mtu mwingine. Jeni za ndege na wanyama huandikwa zikiwa zimekatizwa katikati na vipande virefu visivyotumika kutengeneza protini. Seli hunakili vyote, halafu huvikata vipande hivyo na kuunga vilivyobaki kabla nakala haijatumika. Jeni ya src katika kromosomu za kuku ina vipande hivyo vya kukatwa. Ile ya kirusi haina hata kimoja. Ni kama kukuta mtu ana hotuba mfukoni iliyo safi kabisa, bila mistari iliyofutwa wala maneno yaliyoongezwa pembeni. Mtu huyo hakuinakili kutoka katika rasimu ya mwandishi, ameinakili baada ya mhariri kuipitia. Kirusi kiliichukua jeni ya kuku ikiwa tayari imehaririwa na seli ya kuku. Haiwezekani kwamba safari ilikuwa kinyume chake.

Je, jeni hiyo inafanya nini katika kuku mzima, na ndani yako wewe unayesoma? Kati ya mwaka 1978 na 1980 ilifahamika kwamba protini yake ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya protini nyingine, mahali palipo na asidi amino (kimojawapo cha vipande vidogo vinavyounda protini) iitwayo tirosini, na kubandika huko ndiyo njia mojawapo ambayo seli hupelekeana habari kutoka utando wa nje hadi ndani: kwamba kuna jeraha la kuzibwa, kwamba wakati wa kugawanyika umefika, kwamba ijishike na jirani yake au iachie isogee. Ni mjumbe, na kama mjumbe mwingine yeyote wa mtaa, hapaswi kupita nyumba kwa nyumba usiku na mchana bila kutumwa. Protini ya kawaida ina mkia mfupi wenye tirosini moja ambayo ikibandikwa fosfeti huukunja mkia ule ndani na kuifunga protini, kama komeo linavyofunga mlango. Kirusi kilipoondoka na jeni ya kuku, mwisho wake ulikatika: asidi amino 19 za mkiani hazimo, na mahali pake pana nyingine 12 zisizohusiana nazo. Komeo halipo. Juu ya hilo, jeni sasa iko chini ya amri za kirusi, ambazo huagiza protini itengenezwe kwa wingi na bila kupumzika. Mlango usiofungika, na mjumbe asiyelala; hapo ndipo uvimbe unapoanzia.

Baada ya src wizi wa namna hiyo ulibainika katika virusi vingine vingi vya ndege, panya, paka na nyani. Sitavitaja vyote. Nitataja kimoja cha kuku kiitwacho MC29, ambacho kilibeba jeni iliyokuja kuitwa myc, kwa sababu jeni hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa uchungu.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwakuta watoto wadogo katika maeneo ya joto na mvua yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi katika seli za uvimbe huo uliosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Kwa kufuata mantiki ya sentensi ile ya gazeti lako, mtu angetarajia kwamba kirusi hicho kimebeba myc. Hakikuibeba. Watu wazima karibu wote duniani wamekwisha kuambukizwa kirusi hicho na hawana saratani yoyote. Lililogunduliwa mwaka 1982 ni kwamba katika seli za uvimbe wa Burkitt kromosomu namba 8 imekatika na kipande chake kimeungwa, mara nyingi, kwenye kromosomu namba 14, na kipande hicho ndicho chenye myc ya mtoto mwenyewe. Imehamishwa kutoka nyumbani kwake na kuwekwa jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli za aina hiyo haizimwi. Kirusi na malaria inayojirudia huzifanya seli hizo zigawanyike na kuishi kupita kawaida, hivyo kuongeza nafasi ya ajali kama hiyo kutokea, lakini jeni yenyewe haikutoka nje. Kirusi cha kuku kiliiba myc, na katika mtoto wa Uganda au wa Tanzania hapakuwa na mwizi, ila ubomoaji wa ndani, na jeni ilikuwa ni ile ile. Kama watafiti wasingeitambua kwanza katika kuku, sijui wangeanzia wapi kuitafuta katika taya la mtoto.

Habari ya ras, jeni nyingine ya namna hiyo, ni fupi zaidi. Ilitambuliwa katika virusi vilivyoiokota kwa panya. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walikuta, katika seli za saratani ya kibofu cha mkojo cha binadamu, jeni ya ras ambayo ilitofautiana na ile ya mtu mwenye afya kwa herufi moja tu ya DNA, herufi iliyobadilisha asidi amino ya 12 kutoka glisini kuwa valini. Hakuna kirusi kilichohusika. Moshi wa tumbaku, mionzi, kemikali na makosa ya kawaida ya kunakili DNA hutosha kuharibu herufi. Ndivyo zilivyo nyingi za saratani tunazoziona katika hospitali zetu, na vivyo hivyo haina maana kusema kwamba mtu ana jeni ya saratani na mwingine hana, kwa kuwa sote tunazo src, myc na ras, na bila hizo tusingekua tumboni mwa mama zetu wala kidonda cha mguuni kisingepona.

Hapa nafika mahali ambapo mimi mwenyewe nilikosea kwa miaka mingi darasani, nikidhani kwamba virusi vyote vya saratani vinafuata njia ya kirusi cha Rous. Kirusi cha papiloma kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi hakifuati. Harald zur Hausen na wenzake wa Ujerumani walikitambua katika saratani hiyo kwa aina zake namba 16 na 18 katika miaka ya 1983 na 1984, na aina hizo mbili ndizo zinazohusika na takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi duniani. Jeni zake mbili, E6 na E7, ni zake mwenyewe. Hazikuibwa kwa binadamu wala hazina mama katika zizi letu. Protini ya E6 huipeleka ikavunjwe protini yetu iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ife. Protini ya E7 hushikana na nyingine iitwayo RB, inayoizuia seli isianze kugawanyika bila ruhusa, na kuifanya ishindwe kazi. Kirusi cha Rous kilichukua jeni inayosukuma na kuiharibu ili isukume daima, ilhali kirusi cha papiloma kinawaondoa walinzi. Katika njia zote mbili nguvu inayokuza uvimbe ni ya seli yenyewe.

Wala mpaka kati ya jeni zilizoibwa na jeni za kirusi chenyewe hauko wazi kila mahali, na ni haki niseme hivyo. Kirusi kinachohusika na sarkoma ya Kaposi, kilichotambuliwa mwaka 1994, na ambacho madaktari wetu wanakijua kwa sababu ya wagonjwa wenye upungufu wa kinga, kimebeba jeni kadhaa zinazofanana mno na zetu, mojawapo ikiwa ya sayklini, protini inayoianzisha seli katika safari ya kugawanyika. Hata kile cha mahepe kina jeni yenye sura ya jun, ambayo ni ya seli za kawaida. Wizi upo, basi, lakini mwenye mali anajulikana.

Nirudi kwa mama yetu. Kirusi cha papiloma kinachohusika na saratani yake huambukizwa hasa kwa kujamiiana, si kwa kikombe, sahani, shuka wala kulala na wajukuu. Wanawake wengi hukipata wakati fulani wa maisha, na kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo seli za mlango wa kizazi hubadilika polepole, kiasi kwamba muuguzi akipaka siki na kutazama anaweza kuyaona mabadiliko na yakatibiwa kabla hayajawa saratani. Na seli za saratani zilizomo mwilini mwake ni zake. Kinga ya mtu mwingine ingezitambua kuwa ngeni na kuziangamiza hata kama zingemfikia.

Kuhusu chanjo, sentensi ile imefanya madhara ambayo mwandishi bila shaka hakuyakusudia. Nchi yetu ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 chanjo ya kirusi cha papiloma mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi aliyesoma kwamba virusi hupandikiza jeni za saratani anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini binti yake adungwe kitu kinachotokana na kirusi hicho. Jibu ni kwamba ndani ya chanjo hiyo hamna E6, hamna E7, wala jeni nyingine yoyote ya kirusi. Mna protini ya gamba la nje peke yake, iliyotengenezwa katika maabara ndani ya hamira au seli za kufugwa, ambayo vipande vyake hujipanga vikawa kitu chenye umbo la kirusi kilicho kitupu ndani. Mwili huifahamu sura hiyo na kujiandaa. Hakuna cha kupandikizwa, kwa kuwa hakuna mbegu.

Naomba mambo mawili. La kwanza ni masahihisho ya sentensi ile, katika ukurasa ule ule wa afya, na kwa maneno mepesi kuliko niliyoyatumia mimi. La pili ni kwamba waandishi wako waliache neno "jeni za saratani" wanapozungumzia jeni zilizo nzima. Wanasayansi huziita proto-onkojeni, jina ambalo nalo silipendi, kwa sababu linaipa jeni yenye afya jina la ugonjwa ambao huenda usitokee kamwe, na sisi hatumwiti mtoto kwa jina la maradhi ya uzeeni. "Jeni za ukuaji" lingetosha, na zikiharibika ziitwe jeni za ukuaji zilizoharibika. Kama Baraza la Kiswahili la Taifa lina istilahi bora zaidi, nitafurahi kuipokea na kuwafundisha vijana wanaokuja kwangu jioni kwa masomo ya ziada.

Naomba pia masahihisho hayo yachapwe mapema, kabla timu ya chanjo haijarudi katika shule ya msingi ya kata yetu. Wazazi watatu wamekwisha kuniambia kwamba siku hiyo watawabakiza mabinti zao nyumbani, na wote watatu waliitaja makala ile.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Dodoma